Kwao Wako Wangapi

Guangzhou, 3 Desemba 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nakuamkia, mama. Mimi mzima, ila mafua ya baridi hii kavu. Naomba barua ikukute na nguvu zako, sukari imetulia na goti limeacha kukusumbua. Nisalimie jirani yetu Muzdalifa, na umwambie barua zako azipige picha mchana, kwenye mwanga. Safari iliyopita nusu ya maneno yako ilifunikwa na kivuli cha kidole chake.

Najua hupendi simu, unasema inakula maneno. Basi nimekaa soko la Zhanxi, nje ya duka la watu, juu ya furushi la suruali, mikokoteni inapita inchi mbili na vidole vyangu, naandika. Hii ni mara ya nne naianza. Tatu nimezichana.

Mama, kuna mtu.

Anaitwa Serhat. Ni fundi wa kufua jeans huko Xintang zinakoshonwa. Suruali mpya ikitoka kwa mshonaji, yeye anaifua kwa mawe na dawa mpaka ionekane imevaliwa miaka mitano. Cheka tu, ndiyo dunia ilipofika, watu wanataka kilichochakaa. Tulijuana kwa ugomvi. Nilikataa mzigo wa suruali mia sita nilioagiza kwa sababu rangi haikuwa ile ya sampuli. Laoban, yaani tajiri wa kiwanda, akanipungia mkono, "Meiyou, meiyou," hakuna tofauti. Serhat akachukua sampuli na suruali moja ya mzigo, akazilowesha zote mbili kwa maji ya chai yake, akazitandaza dirishani. Akasema mbele ya tajiri wake kwamba mwenye haki ni mimi. Mwanamume wa namna hiyo nilikuwa sijamwona.

Ni Mkurdi wa Uturuki. Utakuwa umesikia redioni, kule kuna vita vya serikali na wapiganaji wa Kikurdi wa milimani, vimeanza hata mimi sijazaliwa. Yeye hana habari na bunduki, habari yake ni mabomba ya maji. Na mama, ni Shafii kama sisi. Sala ya asubuhi anasoma dua ya kunuti.

Anataka kuleta posa. Baba yake alishafariki. Yupo mama yake, Bi Zere, na kaka mmoja, Rojhat, yuko Ujerumani. Wa kumsimamia huku atakuwa Nassor, yule mfanyabiashara wa Malindi ya hapo Unguja. Nipe ruhusa yako.

Mwanao,
Hasna

—

Kikwajuni, Unguja, 14 Desemba 2024

Mwanangu Hasna,

Waalaykum salaam. Sisi hatujambo. Goti linauma na linajua kwa nini, nyumba ina ngazi na mimi nina miaka sitini na nane. Sukari usiiulize.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu, mazoea ya ualimu hayo. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya suruali na mistari mitatu juu ya watu wake. Kunuti imenifurahisha, siwezi kusema uongo. Lakini kunuti haitoshi kumpa mtu binti.

Nikukumbushe? Mara ya kwanza hatukuuliza. Ulilia, ukagoma kula, baba yako Mungu amrehemu akaona haya kupeleleza watu wa Mombasa. Ukaolewa, na mwezi wa saba tukagundua una wake wenzio wawili na mmoja ana mimba. Nilikupokea bandarini na sanduku moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimeshaumwa mimi, si wewe peke yako.

Kwa hiyo nauliza, kama alivyouliza mama yangu na mama yake. Kwao wako wangapi? Baba alikufa kwa nini? Huyo kaka wa Ujerumani anafanya kazi gani, ameoa wapi, mbona yeye ndiye mkubwa na haleti posa? Msikitini kwao wanawajua kwa wema? Wana ugomvi na mtu?

Kuuliza si ujinga. Nijibu yote.

Mamako,
Mwatima

—

Guangzhou, 6 Januari 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum, nakuamkia. Mimi sijambo, nakuombea na wewe hivyo hivyo.

Baba yao aliumwa kifua. Msikitini wanajulikana. Yaliyobaki, mama, naomba nikujibu kwa mdomo nikija Ramadhani, tukikaa chumbani kwako mlango umefungwa. Kuna mambo hayaandikwi halafu yakapigwa picha yakapita kwenye simu. Usinifikirie vibaya. Yule mwongo wa Mombasa nilikuwa sitaki kumwuliza kwa sababu nilikuwa naogopa jibu. Huyu jibu lake ninalo na haliniogopeshi mimi.

Ila nakuomba kitu kimoja. Usiulize kwao. Usimtume mtu. Niamini safari hii tu.

Leo nimepanda treni kwenda Xintang nikarudi, nikaenda tena. Sina nilichokifuata mara ya pili. Nimekuwa hivyo siku hizi, nikikaa nataka kusimama.

Mwanao,
Hasna

—

Kikwajuni, 9 Februari 2025

Hasna,

Salamu kabla ya maneno, hata kama maneno ni makali. Sisi wazima.

Uliniambia nisiulize. Mtu akikwambia usifungue sanduku, ujue mna kitu. Basi nimelifungua.

Nimemtuma Abdulhadi. Mtoto wa mama yako mdogo Najat anasoma Ankara mwaka wa tatu sasa, Kituruki anakisema kama maji. Nilimwandikia maswali manane kwenye karatasi, nikamwambia: mwanangu, chukua daftari, andika kila utakachoambiwa na aliyekwambia, usiniletee habari za kichwani. Amepanda basi saa kumi na nne. Amefika mji wao, jina lake nililipata kwa Nassor, ameuliza kwa muuza mkate, kwa kinyozi, msikitini, na kwa jirani wa ukuta mmoja. Kisha akabisha hodi kwa mama mwenyewe, akasema ni rafiki wa Serhat. Akapewa chai na mkate wa moto. Nakiri huyo mama ana adabu. Abdulhadi akapiga picha ya sebule akanitumia papo hapo, ninayo kwenye simu ya Muzdalifa: ukutani kuna picha ya kijana wa miaka kumi na minane hivi, nywele nyingi, anacheka na upande mmoja wa mdomo. Ndiye Rojhat.

Na Rojhat hayuko Ujerumani! Jirani amesema yuko mlimani na wenye bunduki, mwaka wa kumi na tisa huu. Akaongeza kwamba mama yake hupata salamu zake. Abdulhadi ameandika yote.

Umedanganywa tena, mwanangu. Au ulijua ukanidanganya mimi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nijibu upesi.

Mamako

—

Guangzhou, 2 Machi 2025

Kwa mama,

Assalaam alaykum. Natumai hamjambo.

Barua hii haikupita kwenye simu. Nimempa Nassor, anarudi nyumbani kufunga, nimemwambia akukabidhi mkononi. Ndiyo maana humu nimeandika yote.

Nilijua. Serhat alinieleza kabla hajanieleza kwamba ananipenda. Rojhat alikuwa na miaka kumi na minane. Kijiji cha kina mama yao kiliwahi kuchomwa, watoto wakakulia mjini wakisikia hadithi hiyo kila siku. Kijana akaamua kupanda mlimani. Kwao kuna mila: mwanamke akivua mtandio wake mweupe akautupa kati ya watu wanaopigana, wanaacha, maana hakuna mwanamume wa kuukanyaga. Bi Zere aliutupa mtandio wake mlangoni. Rojhat akauokota, akaubusu, akamrudishia begani, akatoka. Miaka minne baadaye Serhat akaitwa jeshini na serikali, kama kijana yeyote wa kule. Mama mmoja, mama, wana wawili, na kila mmoja akilala anaota amempiga mwenzake. Ndipo Serhat alipokimbilia kwenye suruali na mabomba ya maji, akaja hadi China. "Ujerumani" ni neno lao la nyumbani. Kila anayeuliza anajibiwa Ujerumani. Majirani wote wanajua, na wote huitikia, "Ee, Ujerumani, Mungu amlinde." Huo si uongo mama, hilo ni pazia.

Halafu akaja kijana mgeni, mweusi, ana daftari, anauliza duka kwa duka, "Kaka yao yuko wapi?"

Hujui yaliyofuata, maana Abdulhadi anakuogopa. Akiwa stendi anangoja basi la kurudi, watu waliovaa kiraia walimkamata. Wakachukua simu, wakachukua daftari, wakalisoma kwa mkalimani. Pale alipoandika kwamba mama hupata salamu za mwanawe wakapapigia mstari. Yeye walimwachia kesho yake, mwanafunzi wa watu. Alfajiri wakaenda kwa Bi Zere. Wakamshikilia siku nne, mama. Mwanamke wa umri wako, ana presha. Wakimwuliza salamu zinaletwa na nani. Na salamu hakuna! Mara ya mwisho kusikia sauti ya mwanawe ni miaka kumi na mmoja iliyopita. Jirani alikuwa anampamba tu mbele ya mgeni, asionekane mama aliyesahauliwa.

Wamemwachia. Lakini walipopekua walichukua picha ile ya ukutani. Ni moja tu, hakuna nyingine duniani.

Serhat aliniambia maneno machache. "Watu wenu wameuliza kama wanavyouliza polisi. Maswali manane, kwa mpango, na kuandika." Kisha akasema posa hakuna tena. Hapokei simu. Nimekwenda Xintang siku sita mfululizo, nasimama nje ya kiwanda, maji ya buluu yanapita mtaroni miguuni pangu, wafuaji wanatoka na vidole vya buluu, yeye anatokea mlango wa nyuma.

Na wiki hii hii habari zinasema kiongozi wa wapiganaji wa Kikurdi aliye jela amewataka waweke silaha chini. Watu wanashangilia. Mimi sina mtu wa kushangilia naye.

Sitakuja Ramadhani. Usiniandikie kwa sasa.

Hasna

—

Kikwajuni, 12 Machi 2025

Mwanangu Hasna,

Umesema nisikuandikie. Nakuandikia.

Nassor alinikabidhi barua yako wakati wa futari. Nimeshindwa kufungua kinywa hata kwa tende. Miaka thelathini na moja nimewaambia watoto wa watu waandike kila wanachosikia, na sikuwahi kuwafundisha ni lini kalamu iwekwe chini.

Nilikuwa nakuogopea wewe. Sikujua kwamba kuna nchi ambako kuuliza habari za mtu ni kumchongea.

Nisamehe.

Mamako

—

Kikwajuni, 28 Aprili 2025

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Idi imepita na hukuniandikia, hata neno. Halua niliyompa Nassor alisema amekufikishia. Umeila? Sukari yangu imepanda, na nakwambia hivyo siyo kukutia huruma. Au pengine ndiyo.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo najua. Lakini aliyemwaga hakai akitazama tope. Nimefikiri tangu mfungo. Mila ni wao kuja kwetu. Watu wake hawawezi kuja, na ni mimi niliyewafanya wasiweze. Basi nimegeuza. Chini hapa kuna barua nyingine, si yako. Ni ya Bi Zere. Mpe Serhat aitie lugha yao. Akikataa, mwekee mlangoni.

"Kwa Bi Zere. Assalaam alaykum. Mimi ni Mwatima, mama wa Hasna. Mimi ndiye niliyemtuma yule kijana mwenye daftari. Yeye alitii tu. Maswali yalikuwa yangu yote manane. Ulimpa chai na mkate, na kwa chai hiyo ulilala siku nne kwa watu. Sina neno la kuliweka mbele ya hilo. Kwetu mwanamke haposi, huposwa, na nikisikika nimefanya hivi mtaa mzima utanicheka. Wacha ucheke. Naleta posa mlangoni pako. Namtaka mwanao Serhat kwa binti yangu. Ukiniuliza kwetu tuko wangapi, sisi ni wawili tu, mimi na yeye, na sasa hivi hata wawili hatuzungumzi."

Ndiyo hiyo.

Mamako

—

Guangzhou, 15 Julai 2025

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Nakuamkia, mama, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mimi mzima. Halua niliila yote siku moja, nikaumwa tumbo.

Barua yako ya Bi Zere niliiweka mlangoni kwa Serhat kama ulivyosema, nikaona haya kungoja, nikaondoka. Wiki mbili kimya. Siku ile ya Mei kundi la wapiganaji lilipotangaza kwamba limejivunja na vita vyao vimekwisha, Serhat alinipigia. Hakusema neno juu ya vita. Alisema, "Mama yako ameandika 'wacha ucheke'. Nimeitafsiri mara tatu ili nicheke vizuri." Kisha akalia. Nilikuwa katikati ya mtaa wa Zhanqian, watu wananipita na magunia, nikasimama hapo hapo na simu sikioni mpaka mwenye toroli akanisukuma.

Tumerudi kuongea. Posa bado. Alisema jibu ni la mama yake, na mama yake hajibu haraka.

Ijumaa tuliangalia pamoja habari za kuweka silaha chini, Xintang, kwenye simu yake, mafundi wenzake wametuzunguka. Wapiganaji kama thelathini, wanaume kwa wanawake, wanashuka kutoka pangoni mmoja mmoja, wanaweka bunduki kwenye sufuria kubwa, moto unawashwa. Bi Zere alikuwa anaangalia kwao kwa wakati ule ule, simu imewashwa tukimsikia anapumua. Kila uso ulipopita Serhat aliusimamisha. Tulifika mwisho, tukarudia. Tukarudia tena. Rojhat hakuwemo. Wengine wamebaki milimani wanangoja, wengine hawako kabisa na hakuna aliyewaambia mama zao. Hatujui yeye ni wa kundi lipi.

Baada ya hapo ndipo Bi Zere alipojibu. Nakuandikia kama Serhat alivyonitafsiria: "Mwambie, barua yake imefika. Lakini mimi sijibu karatasi tena. Karatasi zimenitosha. Anayetaka kuniuliza aje aniulize mwenyewe, akae, anywe chai."

Mama, si lazima. Goti lako, na safari yenyewe. Mwenye kovu usidhani kapoa, na sijui atakupokea vipi. Mimi nakwambia tu alivyosema.

Mwanao,
Hasna

—

Kwa Bi Zere, 23 Agosti 2025

Mwanangu Hasna,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, wala usishtuke kwa hapo juu palipoandikwa nilipo. Nilikuficha makusudi, ungenizuia. Pasipoti nimeitafuta wiki nne, picha yake nimetoka kama mwizi wa kuku. Abdulhadi alinipokea Ankara akanileta kwa basi, saa kumi na nne zote ameinamisha kichwa. Nimemwambia ainue, kosa lina mwenyewe.

Sikuja mikono mitupu. Ile picha ya sebule iliyokuwa kwenye simu ya Muzdalifa nilimpelekea mpiga picha wa Darajani. Akakata kila kitu, akaacha ukuta. Akakata ukuta, akaacha uso. Ameikuza, imefifia kidogo pembeni, lakini mdomo ule unaocheka upande umetoka. Nikaitia fremu.

Bi Zere alifungua mlango mwenyewe. Mfupi, Hasna, ananifika hapa begani. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi kwa Kituruki, yakapotea yote. Nikampa fremu. Akaitazama. Akaingia nayo ndani akaniacha nimesimama nje na sanduku, nikajua nimefukuzwa. Kisha nikasikia nyundo. Alikuwa anagongelea msumari.

Nimekaa. Nimekunywa chai, vikombe vitano, sukari yangu Mungu anaijua. Bi Zere anasema Kikurdi, binti wa jirani anakitia Kituruki kwa Abdulhadi, Abdulhadi kwangu, neno likifika limeshachoka. Nikaona niulize nililokuja kuuliza. Swali moja tu, yale saba nimeyaacha kwetu. Kwao wako wangapi?

Hakungoja kutafsiriwa. Aliinua vidole viwili, kimoja akakielekeza kwenye fremu.

Asubuhi tumesali pamoja. Ilipofika kunuti mikono yetu imepanda sawa. Nililia kwenye sala, sijui kama inaswihi.

Jibu lake ni hili. Amekubali, na anakupenda kwa sauti tu, anasema unacheka kama mtu asiyeogopa chakula kuisha. Serhat bado anaogopa kukanyaga kwao, asije akashikwa kwa ajili ya kaka yake, kwa hiyo ndoa iwe huko Guangzhou, ami yako Msabaha atampa Nassor uwakili wa kukuozesha. Lakini yeye Bi Zere alisema hatakuja. Miaka kumi na tisa hajalala nje ya nyumba hii ila zile siku nne. Rojhat akishuka, akikuta mlango umefungwa, atadhani wamekufa wote. Ufunguo hawezi kumwachia jirani, unajua kwa nini.

Nikamwuliza, na mimi je?

Tumebishana siku mbili, Abdulhadi amekauka koo. Mwisho ameridhika. Ataondoka mwezi ujao, Abdulhadi atampandisha ndege. Atakuvalisha yeye. Mtandio wake mweupe ameshaufua, ameuanika uani, anakuletea. Mimi nitabaki hapa nashika nyumba mpaka arudi. Najua ulitaka nikuone siku hiyo. Mimi nilitaka kuliko wewe, mara ya kwanza nilikuona ukiolewa vibaya na nilikuwa najiwekea hii ya pili. Usinililie. Nipigieni picha, mchana, kwenye mwanga.

Nalala kitanda cha Rojhat. Bi Zere ndiye aliyenipa, hakijalaliwa na mtu tangu atoke. Kila asubuhi nakitandika, nakunja shuka pembe kwa pembe nilivyolikuta. Neno lao la kumkaribisha mtu nimelishika, ni "bi kher hati". Nalisema peke yangu nikifagia mlangoni, nisije nikalikosea siku Rojhat akishuka.

Mamako,
Mwatima